Kuona pomboo Kizimkazi na familia, niende au nitatupa hela?

MpwapwaKwetu

Habarini wakuu. Mwezi wa 12 shule zikifunga nataka kuipeleka familia Unguja, mimi, wife, watoto wawili (mmoja ana 13 mwingine 9) na mama mkwe ambaye bahari kaiona kwenye TV tu, sisi watu wa bara maji mengi tunayoyajua ni ya Mtera basi. Sasa huyo mdogo ana wazimu wa pomboo, madaftari yake yote kayachora pomboo mpaka mwalimu kalalamika, nikamuahidi nitampeleka akawaone laivu.

Nimeanza kuulizia majibu yanagongana. Mmoja hapa kazini ananiambia nenda Kizimkazi, kule kusini ya Unguja, utawaona bila shida, mwingine anasema usithubutu, boti kibao zinawakimbiza wale viumbe kama daladala zinavyogombea abiria, yeye alirudi amekasirika kabisa. Na kuna dalali nimepewa namba yake ananiapia kwamba watoto wataogelea nao na kuwashika mgongoni, nitume advansi tu.

Naomba msaada kwa wanaojua. Kizimkazi au Mnemba, kile kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki? Niende saa ngapi? Watoto wanajikongoja kuogelea, mama mkwe hajui kabisa, boti zenyewe zina usalama? Na hiyo ya kuwashika ni kweli au naingizwa mjini? Nasikia na Kenya wapo, sehemu inaitwa Wasini, kama huko ni bora mniambie maana shemeji yangu yuko Tanga tunaweza kupitia kwake.

Pwani_Kusini

Karibu sana kaka. Mimi mtu wa huku huku Kusini na kazi ya boti ndo iliyonilea kwahiyo nakujibu kwa ninavyoijua.

Dalali achana nae na hela usitume. Hawa ni pomboo wa baharini hawafugwi na mtu, hakuna wa kukuhakikishia kuwashika, na akikuhakikishia ujue huyo boti hana, anakuuzia safari ya mtu mwingine afu anakula juu. Njoo mwenyewe mpaka ufukweni uongee na nahodha uso kwa uso, boti uione kwa macho yako, ndo mkubaliane bei. Na uliza bei ya boti nzima, usikubali bei ya kichwa, maana nyie watu watano mnajaza boti ndogo wenyewe, hamna haja ya kuchanganywa na wageni msiowajua ambao wao wanataka kurukaruka majini na nyie mnataka kukaa. Bei ya mzawa na ya mgeni sio moja, ongea Kiswahili chako vizuri tu utasikilizwa.

Kizimkazi zenyewe ziko mbili, Dimbani na Mkunguni. Boti zinatoka kote kuwili, Dimbani ndo ile yenye ule msikiti wa kale ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 1107, mkirudi baharini mnaweza kupita kuuona ila mama na watoto wavae vya heshima. Barabara ni lami mpaka mwisho, siku hizi kwa vile ndo kwao Rais Samia pamechangamka sana, mwezi wa 8 kwenye tamasha hata pa kuegesha gari hupati.

Muda sasa, hapa ndo penye siri. Watalii wengi wanalala hoteli za Nungwi, Kendwa na huko Paje, wanaletwa na mabasi madogo wanafika saa 2 saa 3 asubuhi, hapo ndo ile fujo aliyokwambia mwenzio. Wewe lala Kizimkazi usiku mmoja, nyumba za wageni zipo, saa 12 na nusu muwe mmeshaingia majini. Bahari imelala, boti hazijafika, na pomboo saa hizo unawakuta wanatembea taratibu na watoto wao. Mkiwaona nusu saa mnageuza mnaondoka zenu, wenye mabasi ndo kwanza wanavaa maboya.

Mwezi wa 12 upepo ni kaskazi na huku kwetu Kusini ndo unakuta pametulia vizuri. Ungesema mwezi wa 6 au wa 7 ningekwambia mama mkwe muache hotelini, kusi likipiga huku usifanye masihara nalo.

ChumviNyingi

Mkuu majibu ya hapo juu ni mazuri ila kuna kitu naona kimerukwa, swala la kuogelea nao. Mimi nimesoma mambo ya bahari na nimekaa huko Menai (ndo ghuba yenyewe ya Kizimkazi) kwa kazi, nitakwambia waziwazi, watoto wako wasiingie majini na pomboo. Kwenye boti wataona zaidi na hawatamsumbua mtu.

Sababu ni hii. Pomboo hawa wanashinda karibu na pwani mchana, wakilala hawalali kama sisi, nusu ya ubongo inalala nusu inabaki macho ili waendelee kupanda juu kuvuta pumzi. Kwahiyo unaweza kuwa unamuangalia pomboo aliyelala na hujui, unaona tu wanakwenda pole pole kwa pamoja wanazama wanatoka. Hapo boti ikija kwa kasi na watu kumi wakajirusha mbele yao, wameamka wote wanakimbia. Wataalamu waliowafuatilia hapo hapo Kizimkazi wameandika kabisa kwamba boti zikiwepo muda wa kupumzika, kula na kucheza unapungua na muda wa kukimbia kimbia unaongezeka, na akina mama wenye watoto wanaonyonya ndo wanasumbuka zaidi. Mtoto wa pomboo ananyonya mwaka na zaidi na mimba yake ni miezi 12, hawazaani kama panya hawa.

Na sio kwamba wako maelfu. Waliohesabiwa ghuba ile kati ya 1999 na 2002 walikuwa hawafiki 200 wa ile aina ya kawaida, na ile aina nyingine ya pomboo wa nundu walikuwa kama 60 tu. Hao wa nundu kidunia wameingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Ukimwona mmoja ana kinundu chini ya pezi la mgongoni mwambie mwanao amchore fasta maana ni bahati, huwa wana aibu na wanakaa karibu zaidi na ufukwe.

Mnemba usiende kwa ajili ya pomboo, nenda kwa ajili ya samaki na matumbawe. Fujo ya boti kule asubuhi ni ile ile na bahari ni ya wazi zaidi kwa mtu ambaye hajawahi kupanda boti.

Pwani_Kusini

Chumvi nakuheshimu na mengi uliyosema ni kweli ila nyie wasomi mnaongea kama vile nahodha ndo mwenye kosa peke yake. Hebu nikwambie inavyokuwa. Mgeni kalipa hoteli, hoteli kamlipa wakala, wakala kanipigia mimi, mpaka hela inanifikia imeshachakaa, petroli yangu humo humo. Mgeni anapanda boti kaonyeshwa picha ya mtu kamkumbatia pomboo, huyo aliyemuonyesha yuko mjini hatomjibu mtu, mimi ndo namjibu. Nikisema jamani tukae mbali tuzime mashine tuwasubiri, boti ya jirani inapita inakwenda kuwafuata, wageni wangu wananigeukia "mbona wale wanaogelea?" Bakshishi imeshakwenda hapo, na ndo sehemu kubwa ya riziki.

Na tusisahau tulikotoka. Wazee wetu hapa pomboo walikuwa wanamvua, nyama inakwenda kuwa chambo cha papa. Utalii ulipoanza mwanzo wa miaka ya 90 ndo watu wakaona kumbe akiwa hai ana faida zaidi, kuwavua kukaisha kabisa katikati ya miaka hiyo, na 1997 Menai ikafanywa eneo la hifadhi. Kwahiyo ukisema utalii mbaya mimi nakuuliza mbaya kuliko nini? Pomboo wanaokufa kwa kunasa kwenye majarife huko nje usiku hakuna anayewapigia kelele humu ndani.

ChumviNyingi

Kwenye majarife tuko pamoja kaka, tena asilimia mia, nyavu ndo zinazoua moja kwa moja. Na sijasema utalii ufe. Ninachosema mteja akija na akili hii kwamba hataki kuogelea nao, nahodha kama wewe unapumua, huna haja ya kushindana na jirani. Ndo maana namwambia huyu wa Mpwapwa aseme mapema kabla ya kulipa.

Pwani_Kusini

Hapo umenena. Akiniambia kabla sijawasha mashine mimi nafurahi, hata petroli inabaki.

mtoto_wa_likoni

Salaam kutoka Mombasa. Wasini nimesikia imetajwa wacha nijibu hiyo maana huku ndo kwetu.

Ukitoka Tanga unavuka Horohoro unaingia Lunga Lunga, ukiendelea na barabara ya kuja Ukunda utakuta njia ya kuingia kulia kuteremka Shimoni, hufiki Diani. Hakikisha familia yote iko na karatasi zao za kusafiria, watoto pia, usije ukarudishwa mpakani na mama mkwe. Boti zinatoka jeti ya Shimoni asubuhi, kisiwa cha Wasini kiko hapo mbele tu, na nyuma yake ndo Kisite na Mpunguti. Kisite ni hifadhi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kiingilio siku hizi unalipa eCitizen, mtandao wa serikali, kwa simu, fanya kabla hujafika Shimoni netiwaki isije ikakuzungusha.

Pomboo mara nyingi mnawapata njiani kwenye mkondo kabla ya kufika matumbawe, manahodha wanajuana wanapigiana simu. Mkitoka hapo mnatia nanga Kisite wanaojua kuogelea wanaingia na miwani kuona samaki, maji ni kama hayapo vile yalivyo safi. Wasiojua wanabaki boti na bado wanaona chini. Mchana mnapelekwa Wasini kula kaa na samaki na mwani wa kukaanga wenye ndimu, na akina mama wa kisiwani wana lile daraja la mbao la kupita kwenye bustani ya matumbawe makavu na mikoko, hapo bi mkubwa atafurahi kuliko baharini. Shimoni pia kuna mapango waliyofungiwa watumwa, msikose.

Ila kwa ukweli wa Mungu, kama lengo ni mtoto aone pomboo na budget ni ya wastani, Kizimkazi safari ni fupi. Wasini ni siku nzima jua kali, mtoto wa 9 ataweza, mama sijui.

DarKijichi

Huku Dar hata kwenye visiwa vya Mbudya na Bongoyo wanapita wakati mwingine lakini ni bahati nasibu, usimpeleke mtoto kwa hilo.

Ila mkuu umefikiria Mafia? Mwezi wa 12 pale Kilindoni ndo msimu wa papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani na hana noma anakula vidagaa na vijidudu vinavyoelea majini tu. Mtoto anayechora pomboo akimuona potwe nyumba nzima itachorwa.

MpwapwaKwetu

Duh asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Mafia naiweka akiba, nauli ya ndege watu watano nitauza ng'ombe wote.

Kwahiyo naelekea Kizimkazi, kulala usiku mmoja na kutoka alfajiri. Dalali nimeshamblock. Kaka Pwani_Kusini naomba unisaidie, nikifika pale ufukweni nimjueje nahodha mzuri na mbaya? Maana mimi boti sijui hata mbele ni wapi. Na kuhusu mama mkwe, nimemwambia jana usiku akaniuliza huyo samaki anauma?

Pwani_Kusini

Haha mwambie mama pomboo sio samaki, anazaa na ananyonyesha kama yeye, na huwa hana habari na mtu. Ila ni mnyama wa kweli ana meno na ana nguvu, ndo maana hatumpi chakula wala hatunyooshi mkono kumpapasa.

Nahodha mzuri utamjua kwa maswali. Muulize maboya yako wapi, asikwambie "yapo" akuonyeshe, na uone ya watoto yapo saizi yao maana boya la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 9 linamvuka kichwani akiingia majini. Watoto na mama wavae toka ufukweni mpaka kurudi hata kama bahari ni kioo. Angalia kama kuna simu au redio na kama ana kasia au mashine ya pili, mashine ikizima nje huko hutaki kuanza kuuliza. Kivuli cha turubai ni muhimu kwa mama. Ukiona boti inaingiza watu na yeye anasema "kuna nafasi bado" wewe shuka.

Afu mwambie hivi, sisi hatuogelei na pomboo, tunataka kuwaona tu, usiwakatize kwa mbele wala usiwafuate kwa nyuma, kaa ubavuni kwao kwa mbali mwendo ule ule wao, zikishafika boti mbili tatu tunaondoka. Akikucheka huyo sio wako. Akikwambia sawa basi panda. Na wakitaka wenyewe watakuja, nimeona mara nyingi boti iliyozima mashine inakaa kimya pomboo wanakuja kupita chini yake wanaitazama, wale waliokuwa wanakimbizana huko wanaona migongo tu.

Halafu angalia maji, uliza siku uliyofika maji yanajaa saa ngapi. Ikiangukia asubuhi maji makavu mtatembea kwenye mchanga na majani mpaka boti ilipo, kwa mama tafuteni viatu vya plastiki vya kufunga maana kuna viumbe vya baharini vyenye miiba mikali (ukikanyaga utalia mwenyewe).

ChumviNyingi

Naongezea moja, wakishaanza kupiga mkia juu ya maji kwa nguvu au wanageuka geuka ghafla na kuzama muda mrefu, hapo wamechoka na nyie. Mwambie nahodha basi. Huyo wa 9 mpe hiyo kazi ya kuangalia, watoto wanaona haraka kuliko sisi. Mpe pia darubini kama unayo, na achore mapezi ya mgongoni, kila pomboo ana mikwaruzo na mapengo yake kwenye pezi, ndo hivyo hivyo watafiti wanavyowatambua mmoja mmoja kwa picha.

Oman_na_Unguja

Mimi niko Muscat, kwetu asili Makunduchi. Huku nako biashara ya pomboo ni kubwa, asubuhi boti zinatoka marina unawakuta makundi makubwa ya wale wadogo wanaoruka wakijizungusha hewani, na ukipanda kaskazini Musandam, Khasab, unakaa kwenye jahazi limetandikwa mazulia na mito kama barazani unakunywa kahawa, jahazi linakwenda pole pole kwenye khor (mkono wa bahari ulioingia ndani) kati ya milima na pomboo wanakuja wenyewe kupiga mbizi mbele ya omo. Hakuna anayeshuka majini kuwafuata. Nikaona hii mbona kwetu inawezekana kabisa, majahazi tunayo, mazulia tunayo, kahawa na kashata tunayo. Mgeni mzee au mwenye watoto angelipa vizuri tu kwa hilo. Pwani_Kusini lifikirie sheikh.

Pwani_Kusini

Wallahi wazo. Jahazi halipigi mbio kwahiyo hata ukitaka kumkimbiza pomboo huwezi 😂 Shida mtaji wa kulitengeneza, ukiwa nao huko Muscat karibu nyumbani tuongee.

MpwapwaKwetu

Mkimaliza kuungana mimi nataka asilimia za wazo, mada niliianzisha mimi.

Swali la mwisho wakuu afu nawaachia. Wife anatapika kwenye basi la Dodoma Iringa, boti itakuwaje? Na kuna uhakika gani wa kuwaona, mtoto nisimdanganye.

mtoto_wa_likoni

Mpitishe duka la dawa kabla hamjavuka aulize kidonge cha kichefuchefu cha safari, amwambie muuzaji kama ana mimba au ananyonyesha. Asiende tumbo tupu na asishibe chapati za mafuta, mkate mkavu na chai ya tangawizi inatosha. Akae katikati ya boti kuelekea nyuma, sio mbele kunakoruka, macho yatazame mbali ufukweni, simu aweke mfukoni. Anayetapika baharini ni yule anayechat.

Pwani_Kusini

Uhakika asilimia mia hakuna, siku nyingi wanaonekana siku nyingine bahari inakunyima. Kwa mtoto mwambie tunakwenda kuwatafuta, usimwambie tunakwenda kuwaona. Mkikosa asubuhi ya kwanza, kama mmelala huku huku mnatoka tena kesho yake, ndo faida nyingine ya kutolala Nungwi. Kubaliana na nahodha mapema mkikosa kabisa inakuwaje, wengine wanakupunguzia ukitoka tena.

Ukishapata tarehe andika hapa hapa nikuangalizie maji yatakuwaje.

MpwapwaKwetu

Tarehe 18 hadi 22. Mtoto kaniletea swali la kwenu, anauliza hao wa nundu saa 12 na nusu wanakuwa wameamka?

ChumviNyingi

Mwambie nusu yao 😄